Shajara ya vigunduzi viwili vya muoni: kutoka mezani hadi chini ya zege

Siku ya 1

Vipande viwili vya plastiki viko mezani. Kila kimoja kina sentimeta 5 kwa 5, unene sentimeta 1, na ukikiinua kwenye mwanga kingo zake zinang'aa buluu. Hiyo ndiyo sintileta. Chembe yenye chaji ikipita ndani yake huacha nishati kidogo, na plastiki humemetuka kwa muda mfupi mno usioonekana kwa macho. Kazi yangu kwa miezi miwili ijayo ni kuunasa mmeto huo, kuuhesabu, halafu kujiridhisha kwamba nilichohesabu ni muoni kweli, yaani chembe ndogo yenye chaji inayoshuka kutoka juu angani. Nadhani hiyo ya tatu ndiyo itakayonitoa jasho.

Ramani ya saketi sikuibuni mimi. Inatoka kwenye mradi wa CosmicWatch ulioanzia MIT, chuo kikuu cha Marekani, ambako Spencer Axani, Janet Conrad na wenzao walitoa michoro na programu zote wazi ili mtu yeyote ajitengenezee. Mimi nimebadilisha machache: nimeongeza kadi ya kumbukumbu, nimetoa spika, na sehemu ya programu inayolinganisha vigunduzi viwili nimeiandika upya. Hiyo ya mwisho naandika nikijua kabisa kwamba huenda nikaijutia.

Kabla sijaanza kujidanganya, niweke hesabu hapa. Usawa wa bahari, kila sentimeta ya mraba iliyolala hupitiwa na muoni moja hivi kwa dakika. Plastiki yangu ina sentimeta za mraba 25. Kwa hiyo natarajia kama muoni 25 kwa dakika, yaani moja kila sekunde mbili na nusu. Namba 25 nimeiandika kwa kalamu nene na kuibandika ukutani.

Siku ya 3

Leo ni msasa na foili tu. Kingo za plastiki zilikuja na mikwaruzo ya msumeno, na kila mkwaruzo ni mahali ambapo mwanga unapotelea. Nimeanza na msasa wa kukwangua, nikaenda kwenye laini, kisha laini zaidi, mwisho kitambaa chenye maji. Ukingo wa kwanza ulinichukua dakika arobaini. Wa nne dakika kumi na tano, na ulitoka bora kuliko wa kwanza.

Kufunga kwa foili ni kazi ya subira. Foili haitakiwi kubana plastiki kama kanga ya mtoto mchanga. Ikiacha upenyo mdogo wa hewa, mwanga unarudi ndani vizuri zaidi. Nimeacha kidirisha cha mraba katikati, upana wake milimita 6 na ushei, ambamo kihisi kitakaa. Juu ya foili zimekuja tabaka tatu za tepu nyeusi ya umeme. Kwenye kona nilikunja kama anayefunga zawadi. Sikuzipenda zile kona lakini niliziacha.

Siku ya 6

Kulehemu. Kihisi ni SiPM, yaani kihisi cha mwanga cha silikoni, cha milimita 6 kwa 6, kipande bapa kinachokaa kwenye ncha ya kidole. Ndani yake kuna vyumba vidogo takriban 19,000, na kila chumba kina uwezo wa kushtuka kwa fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga. Ili vishtuke vinahitaji volti zaidi ya 24.5 hivi, mimi nimeviwekea 29.5, kwa hiyo nina volti 5 za ziada. Umeme wa USB ni volti 5 tu, ndiyo maana ubao una saketi ya kuupandisha.

Shida ya SiPM ni kwamba inashtuka hata gizani. Joto peke yake linatosha kushtua chumba kimoja hapa na kimoja pale, na kwa kihisi cha ukubwa huu hilo hutokea mara milioni moja au zaidi kwa sekunde. Ukisikia hivyo unaweza kuutupa mradi wote jalalani. Kinachotuokoa ni ukubwa: kelele ya gizani kwa kawaida ni chumba kimoja kimoja, ilhali muoni inaacha takriban MeV 2 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe) kwenye sentimeta moja ya plastiki, na mmeto wake unashtua makumi ya vyumba kwa mpigo. Unaweka kizingiti mahali ambapo kelele ndogo haifiki, basi.

Mpigo wenyewe unaisha chini ya sekunde moja ukiigawa mara milioni moja. Arduino Nano, kompyuta ndogo ya ubao wangu, ni kobe mbele yake. Kwa hiyo kuna saketi ya kushika kilele: mpigo unapanda, kapasita inajaa, kisha inabaki imejaa kwa muda wa kumtosha kobe kufika na kusoma. Anachosoma ni namba kati ya 0 na 1023.

Kati ya plastiki na kihisi nimepaka mafuta mazito ya silikoni ili mwanga uvuke bila kugonga hewa. Kigunduzi cha pili kilibaki na kiputo. Nilikiona, nikajiambia kidogo hivi hakina neno. Baada ya saa moja nilikifungua, nikafuta, nikaanza upya.

Siku ya 9

Kigunduzi cha kwanza kimewaka! Skrini inaandika, namba zinapanda. Dakika ya kwanza: 318.

Nilitazama ukutani. 25.

Nikazima taa ya mezani. Dakika iliyofuata: 171. Basi kuna mwanga unaoingia. Nilichukua tochi ya simu nikaipitisha polepole kila upande wa boksi huku nikitazama hesabu, kama daktari anayebonyeza tumbo akiuliza wapi panauma. Palipouma ni kwenye ile kona niliyoikunja kama zawadi. Tepu ya pili imepita juu yake, na ya tatu. Halafu nikagundua tundu jingine ambalo sikulitegemea: taa ndogo ya kijani ya Nano yenyewe, ndani ya boksi, inamulika ubao kutoka nyuma. Nimeifunika kwa tone la rangi nyeusi ya kucha.

Baada ya hapo taa iwake, izimwe, hesabu ni ileile: kama 144 kwa dakika, yaani 2.4 kwa sekunde. Kigunduzi cha pili kimetoa 139. Vinakubaliana. Tatizo ni kwamba vinakubaliana kwenye namba inayokaribia mara sita ya niliyoiandika ukutani.

Siku ya 13

Siku nne nzima nimekuwa nikikimbizana na hizi 119 za ziada.

Jaribio la kwanza lilikuwa kupandisha kizingiti. Nikipandisha, hesabu inashuka, lakini inashuka polepole bila kutulia popote. Nilitarajia ngazi: kelele ianguke yote, kisha pabaki uwanda wa muoni. Histogramu, yaani chati ya mipigo mingapi ina ukubwa gani, inaonyesha kilima kirefu kushoto kinachoteremka, na juu ya mteremko huo kuna nundu pana, fupi. Nundu ndiyo muoni. Lakini mteremko unapita chini yake na kutokea upande wa pili.

Mteremko huo si kelele ya kihisi. Nilitoa plastiki, nikaacha kihisi peke yake gizani, kizingiti kilekile: hesabu ilishuka karibu na sifuri. Kwa hiyo ni plastiki inayomulikwa na kitu halisi, na kitu hicho ni miale ya gama. Imetuzunguka kila upande: potasiamu 40 iliyomo kwenye matofali na zege hutoa gama ya MeV 1.46, na mwishoni mwa ukoo wa thoriamu kuna gama ya MeV 2.61. Gama ikigonga elektroni ndani ya plastiki, elektroni hiyo inaweza kuacha nishati inayokaribia MeV 2.4. Muoni inaacha kama 2. Zimelala kitanda kimoja, na hakuna kizingiti kitakachozitenganisha bila kumwamsha mwingine.

Kwa hiyo kigunduzi kimoja kinasikia ardhi na anga kwa pamoja, na ardhi ndiyo yenye sauti kubwa.

Siku ya 16

Nasubiri nyaya, kwa hiyo leo ni kusoma tu. Limenifariji kujua kwamba swali langu la siku ya 13 ndilo lililoianzisha fani hii yote. Mwanzoni mwa karne ya 20 watu walikuwa na elektroskopu, vyombo vya kuonyesha chaji, zilizopoteza chaji zenyewe hata zikifungwa vizuri, na maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba mionzi inatoka ardhini. Domenico Pacini alizamisha chombo chake baharini mwaka 1911 akaona mionzi inapungua chini ya maji. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Agosti 1912, Victor Hess alipanda na puto hadi zaidi ya meta 5,000. Kama chanzo ni ardhi, ukiiacha mbali mionzi ipungue. Ilipungua kidogo kwanza, kisha ikaanza kuongezeka, na huko juu ilikuwa imeizidi kwa mbali ile ya chini. Alipewa Nobeli mwaka 1936, mwaka uleule ambao Carl Anderson na Seth Neddermeyer walitangaza chembe mpya ambayo leo tunaiita muoni.

Muoni ni nzito mara 207 kuliko elektroni, na ikiwa imetulia huishi kwa wastani mikrosekunde 2.2, mikrosekunde ikiwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Huzaliwa juu, kama kilomita 15 hivi, pale protoni kutoka anga za mbali (ndiyo miale ya kosmiki) inapovunja kiini cha atomu ya hewa, zinazaliwa chembe ziitwazo paioni, na paioni zinavunjika kuwa muoni. Zidisha kasi ya mwanga kwa maisha yake: meta 660. Kwa hesabu hiyo karibu zote zingefia njiani. Zinafika kwa sababu zinakimbia karibu na kasi ya mwanga na saa yao, kwetu sisi, inakwenda polepole. Kila mpigo wa boksi langu ni ushahidi wa nadharia ya uhusianifu, mradi tu mpigo huo usiwe wa tofali.

Siku ya 19

Nyaya zimefika. Dawa ni sadfa: kigunduzi kimoja juu ya kingine, na kuhesabu pale tu vyote viwili vinaposhtuka kwa pamoja. Gama ikishatumia nishati yake kwenye plastiki ya juu ni nadra ifike ya chini. Muoni hupita zote mbili kama sindano kwenye nguo. Walther Bothe na Werner Kolhörster walifanya hivyo mwaka 1929 kwa mirija ya Geiger, vigunduzi vya mionzi vya enzi hiyo, na mwaka 1930 Bruno Rossi akabuni saketi nzuri zaidi ya kufanya kazi hiyo. Mimi nina waya mmoja kati ya Nano mbili na mistari michache ya programu: kama mipigo miwili imetofautiana kwa chini ya mikrosekunde 30, iandike kuwa sadfa.

Nimeweka plastiki mbili zikiwa zimeachana sentimeta 5. Nimeacha usiku kucha.

Siku ya 20

Faili imekatika dakika ya 71. Kimya hadi asubuhi. Nimebadilisha kebo na kuanza tena. Mchana imekatika tena. Dakika ya 71.

Siku ya 22

Nimeshuku kebo, nimeshuku kadi ya kumbukumbu, nimeshuku chaja. Nimebadilisha vyote vitatu. Dakika ya 71, sekunde ya 35.

Kitu kinachoharibika kwa saa maalum namna hiyo hakijaharibika, kinatii amri. Nikachukua kikokotoo: dakika 71 na sekunde 35 ni mikrosekunde milioni elfu nne na ushei. Mbili kipeo cha 32 ni 4,294,967,296. Saa ya ndani ya Nano inayohesabu mikrosekunde ina biti 32. Ikijaa inarudi sifuri.

Kosa ni langu, kwenye ule mstari nilioandika mwenyewe. Nilikuwa nauliza "je, sasa ni kubwa kuliko wakati wa mpigo uliopita jumlisha muda wa kupumzika?" Saa ikirudi sifuri, "sasa" inakuwa ndogo na jibu linabaki hapana, kwa hiyo kigunduzi kinakaa kimya kikisubiri wakati ambao hautakuja karibuni. Dawa ni kutoa badala ya kulinganisha: sasa toa wakati uliopita, ndipo uulize tofauti. Kwa namba zisizo na alama ya hasi, kutoa kunavuka sifuri salama. Neno moja limefutwa, alama moja imehama. Siku tatu zimekwenda.

Siku ya 23

Usiku mzima bila kukatika. Sadfa: 6.6 kwa dakika. Na histogramu! Ule mteremko wa kushoto umefutika. Imebaki nundu peke yake, imesimama safi. Nimekaa nikiitazama muda mrefu kuliko inavyostahili.

Kwa nini 6.6 na si 25? Kwa sababu plastiki ya chini haioni muoni zote zilizopita ya juu. Zinazoingia kwa mshazari zinakosa. Nilikadiria kwa mkono nikapata kati ya 6 na 7, na nimeridhika.

Siku ya 30

Wiki nzima ya pembe. Nimeziachanisha plastiki hadi sentimeta 15 ili zipate kuona kwa njia nyembamba, nikazifunga kwenye ubao wenye bawaba, na kila usiku nimepima saa 8 kwa pembe moja kutoka wima. Wima: 652. Digrii 30: 497. Digrii 45: 338. Digrii 60: 181. Digrii 90, yaani ukitazama upeo wa macho: 31.

Kutokuwa na hakika kwa kila namba ni kipeuo cha pili chake, kwa sababu muoni haziambiani zije lini. Kwa hiyo 652 ni 652 kwa kupungua au kuzidi 26, na 181 ina 13. Vitabu vinasema wingi hupungua kwa mraba wa kosaini: digrii 45 ibaki nusu, digrii 60 robo. Nusu ya 652 ni 326, robo ni 163. Ziko ndani ya mipaka, ingawa 181 imesogea juu kidogo, jambo la kutarajiwa kwa kuwa plastiki zangu ni pana na zinachungulia nje ya njia yao.

Lakini zile 31 za upeo wa macho zilinikera. Mraba wa kosaini ya 90 ni sifuri. Baadhi ni huo upana. Baadhi ni mvua za chembe zinazoshuka kwa pamoja, moja ikagonga huku na nyingine kule. Na nyingine ni sadfa za bahati tu: gama hii imegonga plastiki ya kwanza, gama nyingine isiyohusiana nayo imegonga ya pili ndani ya zile mikrosekunde 30 zangu. Hizo zinahesabika. Mbili mara 2.4 mara 2.4 mara mikrosekunde 30, kwa saa 8: karibu 10. Theluthi ya nilichokipata ni uongo mtupu. Kwa upande wa wima, 10 kati ya 652 haimsumbui mtu. Nimeamua kuanzia sasa kila jedwali liwe na safu ya bahati.

Siku ya 37

Leo nilikaribia kuaibika.

Kwa siku tatu mfululizo hesabu ya kigunduzi kimoja kimoja imekuwa ikishuka mchana na kurudi usiku. Si kidogo: kutoka 2.4 hadi 2.1 kwa sekunde. Nilikuwa nimesoma kuhusu mpunguo wa Forbush, uliopewa jina la Scott Forbush, ambapo dhoruba kutoka Juani hufagia miale ya kosmiki na hesabu duniani kote zikashuka kwa siku kadhaa. Nilishaanza kuandika aya yenye maneno "huenda nimeona". Aya hiyo nimeifuta na sitaieleza zaidi.

Boksi lilikuwa dirishani. Jua lilikuwa linalipiga kweli, ila kwa njia ya kawaida kabisa. Volti ya kuamsha SiPM hupanda kama milivolti 21.5 kwa kila nyuzi moja ya joto. Ndani ya boksi joto lilipanda nyuzi 20, kwa hiyo nilipoteza volti 0.43 kati ya zile 5 za ziada, mipigo yote ikadhoofika karibu asilimia 9, na gama zilizokuwa zikivuka kizingiti kwa kubahatisha zikashindwa kuvuka. Ilitakiwa nishuke kwenye safu ya sadfa kwanza: hapo hapakuwa na mabadiliko yoyote ya kueleweka, maana mpigo wa muoni uko mbali juu ya kizingiti. Safu ilikuwa mbele yangu siku tatu.

Boksi limehamia kabatini. Kipimajoto kinaandikwa kwenye kila mstari wa faili.

Siku ya 44

Kubeba. Kigunduzi kinaitwa cha kubeba na mpaka leo hakijatoka chumbani.

Nilikiunganisha kwenye betri ya kuchajia simu, nikakishusha hadi ghorofa ya chini ya ardhi, nikarudi baada ya saa sita kukuta kimezimika. Kilidumu sekunde thelathini. Betri za aina hiyo zikiona mkondo mdogo hudhani simu imeshajaa, zinajizima. Kigunduzi changu kinakula kidogo mno kuonekana. Nimeongeza rezista inayokula umeme bure, kwa kazi moja tu ya kumhakikishia betri kwamba kuna mtu mezani. Ni suluhisho baya na linafanya kazi.

Siku ya 47

Hii ndiyo siku niliyokuwa naisubiri bila kujua.

Plastiki zimeachana sentimeta 5, saa sita juu ya paa, saa sita chini ya ardhi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna sakafu sita za zege, jumla yake kama meta 1.2.

Sadfa: juu ya paa 2,376. Chini 1,853. Zimepungua asilimia 22. Zege la unene huo hunyang'anya muoni kama nusu ya GeV (GeV moja ni MeV 1,000), na ingawa wastani wa muoni zinazofika usawa wa bahari una GeV 4 hivi, zilizo dhaifu ni nyingi na zinaishia humo.

Kigunduzi kimoja kimoja: juu ya paa 2.1 kwa sekunde. Chini 3.1. Zimeongezeka!

Nimezitazama safu hizo mbili zikiwa ubavu kwa ubavu. Boksi lilelile, saa zilezile, safu moja inashuka na nyingine inapanda. Chini, zege linalonikinga na anga ndilo linalonimiminia gama kutoka kuta zote nne, dari na sakafu. Juu ya paa nimebaki na zege la upande mmoja tu, chini ya miguu. Kama ningekuwa na kigunduzi kimoja, ningeandika kwa moyo mkunjufu kwamba miale ya kosmiki huongezeka ukiingia ardhini. Ile karatasi ya 25 bado iko ukutani. Nimeongeza chini yake 2.1 na 3.1, na mshale.

Siku ya 51

Mwenzangu ameuliza kwa nini sipimi athari ya kanieneo ya hewa. Hewa ikiwa nzito muoni hupungua, kati ya asilimia 0.1 na 0.2 kwa kila hektopaskali. Hesabu: kwa sadfa 6.6 kwa dakika napata 9,500 kwa siku, na kutokuwa na hakika kwake ni asilimia 1. Kanieneo ibadilike hektopaskali 8 ndipo nione kitu kinacholingana na kelele yangu. Nikitaka hakika ya asilimia 0.2 nahitaji sadfa 250,000, karibu siku 26 bila kugusa boksi. Itabidi isubiri. Au nitafute plastiki kubwa zaidi.

Siku ya 55

Luis Alvarez aliweka vigunduzi chini ya piramidi ya Khafre miaka ya 1960 kutafuta vyumba vilivyofichika, hakupata. Mwaka 2017 kundi la ScanPyramids likatangaza uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu, urefu wake usiopungua meta 30, kwa njia hiyohiyo: penye uwazi, muoni nyingi zaidi hupenya. Mimi sina piramidi. Nina ngazi za jengo, ambazo ni shimo lililosimama wima kati ya sakafu sita.

Plastiki zimeachana sentimeta 10, chini ya ardhi, zimeinamishwa digrii 30. Usiku mmoja zimeelekezwa upande wa ngazi, usiku wa pili upande wenye zege tupu. Saa 8 kila mmoja.

Siku ya 57

Ngazi: 842. Zege: 731. Tofauti 111, na kutokuwa na hakika kwa tofauti hiyo ni 40. Mara 2.8. Ningependa iwe 3 na zaidi, na najua vizuri kwamba kupenda huko ndiko kulikoandika aya ya siku ya 37.

Siku ya 59

Narudia, kwa mpangilio tofauti. Kigunduzi kilichokuwa juu kimekwenda chini, ili kama kimoja ni bora kuliko kingine kisinidanganye. Usiku wa kwanza sasa ni wa zege, wa pili wa ngazi. Joto la chini limetulia, nyuzi 19 tangu jana. Rezista imeshika moto wa kuvumilika. Zege, saa 8: 744.

Siku ya 60

Ngazi. Nimeshuka kuangalia mara moja tu na nimekatazwa na nafsi yangu kushuka tena kabla ya asubuhi. Dakika ya 96: 171.